Kidole cha Mutombo na kiti cha Mary Fenlon

Uwanja ni kipande cha saruji kilichomwagwa juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, hapa Goma. Mpira ukishadunda kwa nusu saa unakuwa wa kijivu, rangi moja na viatu vya wachezaji. Ubao umepasuka, wavu hakuna. Jumamosi moja nilisimama hapo kumpisha kijana aliyekuwa akisukuma chukudu, kigari cha mbao, yenye magunia ya makaa, nikamwona mtoto wa miaka kumi na tatu hivi akiruka na kuufagia mpira wa mwenzake kabla haujafika kwenye kikapu. Wenzake wakapiga kelele: "Kontre!" Naye, hata kabla ya kuufuata mpira, akainua kidole cha shahada akakitikisa kushoto na kulia.

Nikamwuliza amekitoa wapi.

"Ile ni ya Mutombo, papa. Wa Denver."

Dikembe Mutombo, mchezaji wa kikapu kutoka Kongo, aliacha mpira mwaka 2009. Mtoto yule alikuwa bado hajazaliwa, na bado kidole anacho. Denver ni kweli: ndiko kidole kilikoanza, na ndiko Mutombo alikolala chini sakafuni mwaka 1994, mpira ameushika juu ya uso kwa mikono miwili, anacheka kama mtu aliyepona ajali, baada ya timu yake iliyoshika nafasi ya nane kuitoa Seattle iliyoshika nafasi ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kutokea katika NBA. Lakini kabla ya Denver kulikuwa na chuo kikuu, na kabla ya Mutombo kuingia uwanjani kulikuwa na mwaka mzima wa darasani. Habari hiyo haikufika kwenye saruji yetu. Kidole kilifika peke yake.

Chuo hicho ni Georgetown, mjini Washington. Kilianzishwa mwaka 1789, na Wajesuiti ndio wenyewe: mapadri wa shirika lile lile lenye Collège Alfajiri pale Bukavu na Boboto kule Kinshasa. Timu zake zinaitwa Hoyas, jina lililokatwa kutoka msemo wa wanafunzi wa zamani, "Hoya Saxa", nusu Kigiriki na nusu Kilatini, maana yake kama kusema "Mawe gani haya!" Wako wanaodai ulitungwa kwa ajili ya timu ya besiboli ya chuo iliyoitwa Stonewalls, kuta za mawe. Ubishi huo nawaachia wenyewe. Mtu wa Goma, aliyejenga nyumba juu ya lava ya 2002 na kukimbia tena Mei 2021, hahitaji Kigiriki ili aelewe kelele hiyo.

Historia ya chuo ina doa lisilofutika. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272, wanaume, wanawake na watoto, wengi wao wakapelekwa mashamba ya Louisiana, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo. Chuo kiliomba radhi hadharani mwaka 2017 na kuliita jengo moja kwa jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza katika orodha ya waliouzwa. Nalitaja hili kwa sababu timu ninayoisimulia ilikuja kupendwa na watu weusi wa Marekani nzima, waliovaa jezi na kofia zake hata kama hawajawahi kukanyaga Washington, na mtu aliyeifanya ipendwe hivyo alikuwa mweusi wa mji ule ule.

Mpira wa kikapu ulianza Georgetown mwaka 1907. Tangu hapo hadi 1972 hakuna mengi: fainali moja ya vyuo mwaka 1943, wakafungwa na Wyoming, kisha miaka mingi ya usingizi. Msimu wa 1971 hadi 1972 walishinda mechi tatu, wakapoteza 23. Ndipo chuo kikamwita mwalimu wa shule ya sekondari ya jirani, John Thompson.

Thompson alikuwa na urefu wa mita 2.08. Alikuwa amekaa miaka miwili Boston Celtics, akimpumzisha gwiji Bill Russell, akaondoka na ubingwa mara mbili. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika. Mama yake alikuwa na cheti cha ualimu, lakini katika Marekani ya ubaguzi aliishia kufagia nyumba za watu. Mtoto wao naye alichelewa kusoma hadi walimu wakamwona hafundishiki. Taulo jeupe alilolitupia begani katika kila mechi, watu wakadhani ni la jasho, lilikuwa kumbukumbu ya mama huyo.

Alipofika Georgetown alikuja na mwanamke mmoja mzungu, Mary Fenlon, aliyewahi kuwa mtawa, mwalimu wa shule. Fenlon hakufundisha kurusha mpira. Kazi yake ilikuwa masomo ya wachezaji: nani amekosa kipindi, nani hajaandika insha, nani anajificha nyuma ya urefu wake. Na hakukaa ofisini. Alikaa kwenye benchi la timu, mechi baada ya mechi, karibu na kocha, mbele ya televisheni. Mchezaji akitoka uwanjani na pointi zake ishirini, mtu aliyemkuta benchi ni yule anayejua alama zake za mtihani. Ofisini kwake Thompson aliweka mpira uliotolewa upepo. Mchezaji akiketi, kile kitu kilichobonyea kiko mbele ya macho yake, na hakuhitaji kuelezwa sana: siku upepo ukiisha, utabaki na nini mkononi?

Wapo waliodhani ni maigizo. Hesabu ndiyo iliyowanyamazisha. Katika miaka yake 27, wachezaji 78 walikaa naye miaka yote minne, na 76 kati yao walipata digrii.

Haikuwa njia ya maua. Mwaka 1975, timu ilipokuwa inafungwa mfululizo, watu waliingiza bango kwenye ukumbi wa chuo chake mwenyewe, likimtukana kwa rangi yake na kutaka aondoke. Mwaka 1982 alifika fainali, akafungwa 63 kwa 62 na North Carolina. Mfungaji wa kikapu cha mwisho alikuwa mtoto wa mwaka wa kwanza aliyeitwa Michael Jordan. Halafu Fred Brown wa Georgetown akampa mpinzani pasi kwa makosa, muda ukaisha. Picha iliyobaki si ya Jordan. Ni ya Thompson akimkumbatia Brown, mbele ya watu elfu sitini. Miaka miwili baadaye, Seattle, Georgetown ikaifunga Houston 84 kwa 75: Patrick Ewing, mzaliwa wa Jamaika, dhidi ya Hakeem Olajuwon, Mnigeria. Thompson akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la juu la vyuo vikuu Marekani. Fred Brown alikuwamo kwenye timu hiyo.

Sasa twende Kinshasa. Mutombo alizaliwa huko mwaka 1966, mtoto wa mwalimu. Alisoma Boboto, akacheza mpira wa miguu, akajifunza karate. Kikapu kilikuja alipokuwa na miaka kama kumi na sita, baba na kaka yake wakimsukuma kwa sababu urefu ulikuwa umeshavuka kiasi. Alitaka kuwa daktari. Mwaka 1987 akapata ufadhili wa masomo wa USAID, shirika la misaada la Marekani, kwenda Georgetown, na ofisa mmoja wa ubalozi wa Marekani ndiye aliyemtonya Thompson kwamba kuna kijana Kinshasa wa mita mbili na zaidi. USAID ndilo shirika lile lile ambalo hapa Goma tulilijua kwa vibati vya mafuta ya kupikia na magunia yaliyogeuzwa mapazia ya vibanda vya kambi kule Mugunga na Kanyaruchinya. Lilifungwa rasmi Julai 2025. Nani anahesabu akina Mutombo waliokuwa kwenye foleni siku hiyo? Vibati ni rahisi kuhesabu.

Alifika bila Kiingereza. Alikuwa na Kifaransa na lugha kadhaa za nyumbani, na hazikumsaidia darasani. Msimu wa 1987 hadi 1988 hakucheza hata dakika moja. Alikaa akijifunza Kiingereza, mtu wa mita 2.18 akihangaika na vitenzi vya watoto. Mtu angeweza kusema: mrefu hivi, mwingize, atajifunza mbele kwa mbele. Hawakumwingiza.

Msimu uliofuata akaanza, na ndani ya msimu huo huo yakatokea mambo mawili katika mwezi mmoja. Tarehe 14 Januari 1989, kabla ya mechi na Boston College, Thompson alimkabidhi msaidizi wake lile taulo, akatoka uwanjani, umati umesimama ukimpigia makofi. Alikuwa akipinga kanuni mpya ya chama cha michezo ya vyuo iliyotaka kuwanyima ufadhili vijana wasiofikia alama fulani katika mtihani wa kuingilia. Hapo nilikwama kidogo niliposoma habari hii mara ya kwanza. Si ndiye huyu huyu wa mpira usio na upepo, wa masomo kwanza? Ndiye. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mtoto aliyeambiwa hafundishiki. Alijua tofauti ya kumdai kijana asome na kumfungia mlango kabla hajaingia, na alijua ni watoto wa nani wangebaki nje. Kanuni ikalegezwa.

Siku tisa baadaye, dhidi ya St. John's, Mutombo alipiga kontre 12 katika mechi moja. Kumi na mbili! Kando yake chini ya kikapu alikuwapo mwenzake wa timu, Alonzo Mourning, mtaalamu mwingine wa kazi hiyo, na mashabiki waliokaa nyuma ya kikapu wakawa wanabandika mchoro wa kiganja kimoja kwa kila mpira uliorudishwa. Kufikia mwaka wake wa mwisho, 1991, Mutombo alikuwa na wastani wa pointi 15.2 na mipira ya kurudi 12.2 kwa mechi. Udaktari aliuacha, akatoka na digrii ya isimu na diplomasia, baada ya kufanya mafunzo ya kazi kwenye Bunge la Marekani na Benki ya Dunia. Denver wakamchagua wa nne kati ya wachezaji wapya wa NBA. Hadi anastaafu alikuwa na kontre 3,289. Ni Olajuwon pekee aliyemzidi.

Nakumbuka timu ya kitivo chetu, miaka ile ninasoma hapa Goma. Jezi tuliazima kwa parokia, viatu kila mtu na vyake, mechi mbili katika wiki ya wanafunzi, basi. Mchezaji wetu bora, kijana wa Masisi mwenye mkono wa ajabu, alifeli mwaka wa pili. Tulimpigia makofi uwanjani, lakini hakuna aliyemwuliza lolote kuhusu masomo. Kosa si la chuo peke yake. Mimi nilikuwa nakaa naye benchi moja.

Mengine ya Georgetown yanasemeka haraka. Thompson aliondoka Januari 1999, akafariki Agosti 2020. Mwanawe aliirudisha timu kwenye nusu fainali mwaka 2007. Ewing akapewa ukocha mwaka 2017, na msimu wa 2021 hadi 2022 akapoteza mechi zote 19 za ligi yake. Ukuta wa mawe nao hubomoka.

Mutombo alijenga hospitali Masina, Kinshasa, iliyogharimu dola milioni 29, zaidi ya nusu zikitoka mfukoni mwake. Inaitwa Biamba Marie Mutombo, jina la mama yake, aliyefariki mwishoni mwa miaka ya 1990, vita vikiwa vimefunga barabara asiweze kufikishwa hospitalini. Habari ya mama kufa nyumbani kwa sababu njia imefungwa haihitaji kufafanuliwa katika mji huu, ulioshuhudia Januari 2025 wapiganaji wa M23 wakiingia, uwanja wa ndege ukifungwa na benki zikiteremsha milango. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 30 Septemba 2024, saratani ya ubongo, miaka 58.

Tuna vijana wanaojua kuruka. Promo Jeune Basket imekuwa ikiwakusanya watoto wa mji huu kwenye kikapu kwa miaka, na wale wa saruji yangu ya Jumamosi hawangoji kukusanywa. Vyuo navyo tunavyo, kuanzia ULPGL ya Waprotestanti, iliyofunguliwa 1985, hadi UNIGOM ya serikali. Wakuu wa vyuo hivyo siku moja wataketi kupanga timu, na najua mazungumzo yataanzia wapi: jezi, basi la kusafiria, nani alipe refa. Ombi langu kwao ni moja. Kabla ya jezi, tafuteni mwalimu mmoja asiyejali matokeo ya mechi, mpeni orodha ya wachezaji na daftari la alama zao, na mumpe kiti kwenye benchi.