Kabla hujamwita fundi wa ua, mchunguze mbwa wako kwanza

MBWA akitoroka usiku na kumng’ata mtoto wa jirani alfajiri akienda shuleni, hakuna atakayeuliza ua ulijengwa na fundi gani. Atakayeulizwa ni mwenye mbwa.

Hilo si jambo dogo katika nchi ambamo kichaa cha mbwa kimeripotiwa tangu mwaka wa 1912, kilipogunduliwa mara ya kwanza katika viunga vya Nairobi. Karibu wote wanaoambukizwa huambukizwa kwa kung’atwa na mbwa, na dalili zikishadhihirika, ni nadra sana mgonjwa kupona. Mwaka wa 2014 Serikali ilizindua mkakati wa kuyatokomeza maradhi haya kufikia 2030, nguzo yake kuu ikiwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Chanjo ndiyo kinga ya kwanza. Hata hivyo, mbwa aliyechanjwa pia hung’ata, na mbwa anayezurura hukutana na wasiochanjwa. Ndipo ua unapoingia.

Wengi wetu humwita fundi na kumwambia tu, “Nijengee ua.” Naye hujenga ule aujuao, yaani ua wa kumzuia mwizi au ng’ombe. Mwizi huzuiwa kwa urefu na miiba ya seng’enge. Mbwa, isipokuwa yule mkubwa mwenye mazoea ya kuruka, hupitia chini. Huchimba, hubinua wavu kwa pua, au hujipenyeza chini ya lango. Kwa hivyo, kabla ya kutafuta fundi, zunguka ua ulio nao ukiwa umeinama. Tazama palipo na manyoya yaliyonasa kwenye waya na udongo uliolainishwa kwa kupitwa mara nyingi. Huenda ukagundua kwamba huhitaji ua mpya bali ukarabati wa mita tatu tu, na fundi mwadilifu atakwambia vivyo hivyo.

Ikiwa ujenzi mpya ni lazima, fanya hesabu mwenyewe kwanza. Tuchukue ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100. Mzingo wake ni futi 300. Ukiondoa lango la futi 12, zinabaki futi 288, ambazo ni karibu mita 88. Bunda moja la wavu wa waya, au cheni-linki kama mafundi wanavyouita, kwa kawaida huwa na urefu wa mita 18. Mabunda matano yanatosha. Nguzo zikipandwa kila baada ya futi 10, utahitaji 30 hivi, mbali na zile za kuegemeza pembeni na langoni. Fundi akikuletea orodha yenye mabunda saba, muulize mawili ya ziada ni ya nini. Asije akakwambia ni ya kupishanisha kwenye maungio, kwa maana wavu huu haupishanishwi: uzi mmoja wa waya huchomolewa kwa kuzungushwa, kisha hufumwa tena kuyaunganisha mabunda mawili yakawa kitu kimoja.

Jambo jingine linalowaponza wanunuzi ni unene wa waya. Hupimwa kwa geji, na namba yake husomwa kinyume cha mazoea: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo waya unavyokuwa mwembamba. Geji 12.5 ina unene wa karibu milimita 2.5, ilhali geji 16 ina milimita 1.6 tu. Dukani mabunda hayo mawili hufanana machoni pa mgeni, lakini mbwa mkubwa ataubonyeza ule mwembamba hadi ulegee. Wanaoishi Mombasa, Kilifi au Malindi wasisitize waya uliopakwa zinki ya kutosha, kwani hewa ya chumvi haina huruma na bati wala waya.

Nguzo nazo zina siri zao. Zile za mikaratusi zilizotiwa dawa hudumu miaka mingi, mradi ncha inayoingia ardhini isikatwe. Fundi akiikata kwa msumeno ili zote zilingane, anaifichua sehemu ya ndani ambayo dawa haikufika, na mchwa wa Ukambani hawahitaji mwaliko wa pili. Akitaka kuzisawazisha, azikate juu. Na vipande vitakavyobaki visipelekwe jikoni kuwa kuni. Dawa inayotumiwa sana kwenye nguzo hizo ina aseniki, ambayo ni sumu, na moshi wake pamoja na majivu vina madhara.

Kwa wakazi wa Kitengela, Syokimau na Embakasi, adui mkubwa ni ule udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha huvimba, na kiangazi kikija hupasuka hadi mkono ukaingia. Nguzo iliyochomekwa futi moja huanza kuinama kabla ya mwaka kwisha. Niliwahi kuambiwa na fundi mmoja, “Mzee, hii itasimama hadi wajukuu waione.” Ilisimama hadi masika. Mashimo yasipungue futi mbili kwenda chini, na katika udongo huo yazidi hapo. Yajazwe zege, na nguzo za pembeni ziwekewe mihimili ya kuziegemeza. Kisha zege iachwe ikomae siku kadhaa, wiki nzima ikiwezekana, kabla wavu haujavutwa. Fundi anayepanda nguzo asubuhi na kuvuta wavu jioni anakuachia ua wa kubembea.

Tukirudi kwa mbwa, mwambie fundi tangu mwanzo kwamba sehemu ya chini ndiyo unayoilipia. Njia ya bei nafuu ni kununua wavu mrefu kidogo kuliko ua, kisha futi moja ya chini ikunjwe kuelekea ndani, alipo mbwa, ifukiwe au ilazwe chini ya mawe. Mbwa huchimba palepale ua unapogusana na ardhi. Akikuta wavu chini ya kucha zake, hukata tamaa. Ikikunjwa nje, kama mafundi wengine wanavyozoea, haimzuii. Mwenye uwezo zaidi na amwage ukingo wa zege kuzunguka ploti. Langoni, mwanya wa chini usimruhusu mbwa kupitisha kichwa, kwani kichwa kikipita mwili hufuata.

Aidha, hakikisha mnajenga mahali penu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamtaka mwenye ardhi atunze alama za mipaka yake, na kuzing’oa au kuzisogeza bila idhini ni kosa. Ikiwa mawe ya mpaka hayaonekani, mlete mpimaji kabla ya fundi, na jirani awepo.

Je, fundi mwenyewe utampata vipi? Cheti cha majaribio ya ufundi kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani ni ishara njema, ingawa wapo mafundi hodari wasio nacho. La maana zaidi ni kuonyeshwa ua alioujenga miaka miwili iliyopita, si ule wa wiki jana. Usukume kwa mkono. Muulize mwenyewe faraghani kama fundi alirudi alipoitwa.

Kuhusu malipo, nunua vifaa mwenyewe na uvipokee wewe. Kazi ya mikono patanene kwa mita au kwa jumla, wala si kwa siku, maana siku za ujenzi zina tabia ya kuzaana. Andikeni karatasi moja, hata kwa mkono: urefu, geji, kina cha mashimo, tarehe ya kumaliza na awamu za malipo. Lipa kwa njia ya simu ili ushahidi ubaki. Mambo yakiharibika, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza kesi za hadi Sh1 milioni. Unaweza kujisimamia bila wakili, na inatakiwa kuamua katika siku 60. Hapo karatasi ile itakuwa shahidi wako bora.

Siku za kazi, mbwa afungiwe mbali na mafundi, na cheti chake cha chanjo kiwe karibu. Ikitokea aking’ata, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe hospitali hata kama kidonda ni kidogo.

Awamu ya mwisho ya malipo usiitoe kabla ya jaribio moja. Mafundi wakishakusanya vifaa vyao na kukaa nje ya lango, mfungulie mbwa ndani, umwache saa moja azunguke, anuse na kuchimba atakapo. Akitoka, fundi bado yupo hapo na koleo lake mkononi.