Ndege Isiyo na Rubani: Ilizaliwa Vitani, Sasa Yachukua Dawa

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kisian hupita karibu na uwanja wa ndege, naye huziona ndege zikitua kwa ustadi wa marubani. Lakini siku hizi ziko ndege zirukazo bila mtu ndani yake. Yafaa tujue asili yake.

Katika mwaka wa 1935 Waingereza walikuwa na ndege iitwayo Queen Bee, iliyoongozwa kwa redio, ili wapiga mizinga wapate shabaha ya kujifunzia bila kuhatarisha rubani. Marekani nayo, tangu mwaka wa 1958, ina idara ya utafiti wa ulinzi ambayo leo huitwa DARPA. Desturi yake ni kumkabidhi msimamizi mmoja kazi iliyo wazi, kwa miaka michache tu. Mathalan, mwaka wa 2004 ilishindanisha jangwani magari yajiendeshayo, mwendo wa maili 150 hivi. Hata lililotangulia yote halikutimiza maili 8. Zawadi haikutolewa, wala kazi haikuachwa: mwaka wa 2005 magari 5 yalimaliza mwendo wa maili 132.

Huku kwetu, Desemba 2013 askari wa Umoja wa Mataifa huko Goma walianza kurusha ndege za namna hii, zisizo na silaha, wapate kuona yaliyomo misituni. Kisha Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu katika hospitali za Rwanda. Damu haikai siku nyingi, wala hospitali ndogo haiwezi kuweka akiba ya kila aina. Ndege hufyatuliwa kama jiwe la manati, hufuata njia iliyopangiwa, huangusha mzigo kwa mwavuli, kisha hurudi na kunaswa kwa waya. Baadaye kampuni hiyo ilijenga kituo huko Chemelil, katika Kaunti ya Kisumu.

Basi tusisahau kwamba chombo kiwezacho kuchukua damu chaweza pia kuchukua bomu. Ndiyo sababu Kenya ilitunga kanuni za mwaka wa 2020, zimtakazo mwenye ndege hiyo kuiandikisha na kupata idhini kwa wasimamizi wa usafiri wa anga. Mkulima wa Kisian atakaye kuipima shamba lake kutoka juu naye hana budi kuomba ruhusa kwanza, maana uwanja u karibu na abiria wamo angani. Mashine haina haya wala haishitakiwi. Aliyeituma ndiye atakayejibu.