Je, Wajua? Kurusha Mchezo Mubashara Si Lazima Prosesa Ghali

Je, wajua kwamba mchezo wa video wenye nukta 1920 kwa 1080 na fremu 60 kwa sekunde huzalisha karibu gigabiti 3 za data ya picha kila sekunde? Twitch, jukwaa la kurusha video mubashara, hupendekeza takriban megabiti 6 tu kwa ubora huo. Hivyo, picha hubanwa kama mara 500, papo hapo, mchezo ukiendelea.

Prosesa ikiachiwa kazi hiyo peke yake, mchezo huweza kukwamakwama. Ndiyo maana Intel mwaka 2011, kisha Nvidia mwaka 2012, zilianza kuweka ndani ya chipu zao sakiti maalumu ya kubana video. Kwa kadi ya picha ya Nvidia, sakiti hiyo imetengwa na sehemu inayochora mchezo, kwa hiyo kasi hupungua kidogo tu.

Kabla ya kununua, hakikisha kadi ina sakiti hiyo. Pima kasi ya intaneti ya kupakia, si ya kupakua pekee. Ukirekodi mchezo pia, kwa megabiti 40 kwa sekunde, saa moja hujaza gigabaiti 18: nunua diski kubwa.