Sindano ya Kifundoni na Njia Panda ya Minjila

Mama mmoja wa Garsen ameniuliza jambo ambalo hajamwambia hata dada yake. Tangu uzazi wake wa tatu, haja kubwa humponyoka kabla hajafika chooni. Amesikia kwamba kuna wanaotibiwa kwa umeme, tena kwa kuchomwa sindano mguuni. Je, ni kweli? Na mguu unahusikaje?

Ni kweli, na hapo penye mguu ndipo penye utamu wa habari.

Kwanza neno. Uzi unaopeleka habari mwilini vitabu huuita "mshipa wa fahamu", lakini Pwani ukimwambia mtu ana tatizo la mshipa atafikiria ngiri au busha, na Tana River mabusha yanajulikana sana. Tena mshipa ni njia ya damu. Mimi nitaandika neva, neno fupi lisilomtia mtu hofu isiyo yake.

Njia ya haja kubwa ina milango miwili. Wa ndani hujifunga wenyewe usiku na mchana. Wa nje tunaukaza kwa hiari. Wengi hudhani kazi ni nguvu tu. La! Kitu kinaposhuka, mlango wa ndani hulegea kwa sekunde chache ili kiguse ngozi laini iliyo chini yake, na ngozi hiyo huonja: ni upepo, ni majimaji, au ni kigumu? Habari hupanda mgongoni, jibu hurudi, mlango wa nje hukazwa au huachiwa. Hayo hutendeka mara nyingi kwa siku, umekaa barazani na wageni, nawe huna habari. Sijui mlinzi mwenye adabu kuliko huyo.

Uzazi mgumu huweza kuchana misuli ya milango, na huweza pia kuvuta neva hadi habari zikachelewa au zikafika nusunusu.

Sasa mguu. Neva inayopita nyuma ya kifundo, upande wa ndani, hupanda hadi mwisho wa mgongo na kuingia kwenye vituo viitwavyo S2 na S3. Neva za milango ile huanzia papo hapo. Fikiria Minjila, ambako barabara ya Malindi hugawanyika, moja ikienda Witu na Lamu, nyingine Hola na Garissa. Dereva akishuka kutoka Witu na kusema maji yamekata barabara, dereva wa Hola husikia, muuza maembe husikia, utingo aliyesinzia huamka. Hakuna aliyewatumia ujumbe. Wapo tu kituoni. Umeme wa kifundoni ni dereva huyo wa Witu: huleta habari ya mguu, kituo kizima kikachangamka, na neva za milango zimo humo.

Mgonjwa huketi, sindano nyembamba huingizwa kama sentimita 5 juu ya kifundo, umeme mdogo huongezwa polepole mpaka kidole gumba cha mguu kijikunje chenyewe. Hapo mhudumu hujua amepata neva. Dakika 30, mara moja kwa wiki, wiki 12.

Jaribio kubwa la tiba hii huko Uingereza, lililochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet, lilihusisha watu wazima 227. Nusu walipata tiba yenyewe. Wengine walichomwa sindano bila umeme kufika kwenye neva. Waliopungukiwa ajali za kuponyokwa na haja kwa nusu au zaidi walikuwa 38 katika kila 100 kwa tiba halisi, na 31 kwa ile bandia. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kitu, na nilisikitika. Njia nyingine, iliyoripotiwa mwaka 1995 na madaktari wa Erlangen, Ujerumani, hutia waya kwenye tundu la mfupa penye S3 na kifaa cha betri chini ya ngozi ya kalio. Hiyo huenda Minjila kwenyewe. Husaidia wengi zaidi, ila ni upasuaji, tena ghali.

Mama, ukienda kliniki, anza na jambo moja: choo kinapita njia yake, au kinatokea njia ya uzazi? Kikitokea mbele, hiyo ni fistula, tundu lililobaki baada ya uchungu wa muda mrefu au kuchanika, na umeme hauzibi tundu. Hushonwa na daktari wa upasuaji. Kikipita njia yake, omba upimwe misuli na ufundishwe mazoezi ya kuikaza. Na dada yako mwambie. Safari ya kliniki ni nyepesi mkiwa wawili.