Fahamu: Fangasi wa kinyesi cha njiwa anavyofika ubongoni

Kriptokokasi ni fangasi anayeishi udongoni na kwenye kinyesi cha njiwa. Wengi wetu tumeshamvuta puani bila kujua. Kinga imara humdhibiti kimya kimya. Kwa mwenye VVU ambaye chembe zake za kinga za CD4 zimeshuka sana, fangasi huyu hutoka mapafuni, huingia kwenye damu na kufika kwenye utando wa ubongo. Kichwa huuma siku nyingi, na hapo ndipo muda hupotea, watu wakidhani ni malaria. Ajabu ni kwamba kipimo cha damu huweza kumnasa fangasi huyu wiki kadhaa kabla ya dalili.

Mwaka 2022, baada ya utafiti uliohusisha Uganda na Malawi, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza ugonjwa huu utibiwe kwa dozi moja kubwa ya dripu ya dawa ya amfoterisini pamoja na vidonge vya wiki 2. Awali dripu ilikuwa ya kila siku.