KIBALI CHA KAZI CHA MGENI: KUTOKA UNGUJA HADI KARATU

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kwamba kazi si jambo la Muungano, ilhali uhamiaji na uraia ni mambo ya Muungano. Tofauti hiyo yaweza kumtatiza mwajiri mwenye hoteli Unguja na nyingine Karatu, mji ambao watalii wengi hulala kabla ya kuteremka bonde la Ngorongoro.

Tuchukue mfano wa mpishi mkuu wa kigeni aliyeajiriwa Nungwi. Kibali chake cha kazi kimetolewa Zanzibar, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005. Mwajiri akimhamishia Karatu, kibali hicho hakivuki naye bahari. Bara inatumika Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, na mwenye kutoa kibali ni Kamishna wa Kazi wa huko. Mwajiri ndiye aombaye, naye hutakiwa kuonyesha kuwa amemtafuta Mtanzania mwenye utaalamu huo asimpate, na kuwasilisha mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Mgeni akihamia kwa mwajiri mwengine, hata kama hoteli zao zinatazamana, huombewa kibali kipya. Kibali cha ukaazi ni jambo mbali, nacho hutolewa na Uhamiaji. Mzanzibari aendaye kufanya kazi Karatu hahitaji hata kimoja, kwani si mgeni.

Badiliko linalostahili kufahamika khasa ni la mwaka 2021. Kibali cha Bara hutolewa kwa miezi 24 na huhuishwa, lakini kwa mtaalamu wa kuajiriwa jumla yake ilikuwa haipiti miaka 5. Sasa ni miaka 8. Nayo Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humtaka mwombaji wa uraia wa tajnisi awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7. Saba na mmoja ni minane. Kwa ukomo wa zamani, vibali vya Bara peke yake havikuweza kumfikisha mtu hapo. Sasa vyaweza, ila kwa kubana sana.

Miaka ya ukaazi halali Unguja nayo huingia katika hesabu, kwa kuwa uraia ni mmoja. Hata hivyo, kutimiza miaka si kupata haki: uamuzi ni wa Waziri, na mwombaji hana budi kuukana uraia wake wa awali. Australia ilipunguza mwaka 2023 muda wa mtaalamu kumtumikia mdhamini wake kabla ya kuombewa ukaazi wa kudumu, kutoka miaka 3 hadi 2. Kwetu hakuna daraja hilo la kati litokanalo na ajira.

Mwajiri anayekusudia kumhamisha mtaalamu aanze maombi Bara kabla ya safari, na mtaalamu mwenyewe ahifadhi nakala za vibali vyake vyote, vya pande zote mbili.