FIGO HUUMIA KIMYA KIMYA



Kila alfajiri sisi wa Nyamirambo tunashuka mlima, wengine kwenda viwanda vya Masoro, wengine mashamba ya miwa ya bonde la Nyabarongo. Kazini tunalijua jambo moja: zamu ikitoka bila kuiarifu zamu inayoingia kwamba mashine ina kasoro, hasara hufuata. Ndani ya figo mambo ni hayo hayo.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Figo mbili huchuja lita zipatazo 180 kwa siku. Karibu zote hurudi mwilini. Lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo. Ukuta wa chujio una tabaka tatu. Upande wa damu ziko seli zenye matundu madogo. Katikati upo utando. Upande wa nje ziko seli ziitwazo podosaiti, zenye vijiguu vilivyopishana kama vidole vya mikono miwili.

Seli hizo ni majirani wanaopashana habari. Podosaiti hutoa protini ambayo huvuka utando na kuziagiza seli za matundu ziendelee kuishi na kufanya kazi. Nazo hurudisha majibu. Wako wagonjwa wa saratani waliopewa dawa ya kuzuia ujumbe huo. Baadhi yao vichujio viliharibika na protini ikaanza kupotea katika mkojo.

Sukari ya damu ikizidi, au presha ikipanda kwa muda mrefu, podosaiti huumia. Ujumbe huvurugika, mara ukazidi, mara ukapungua. Vijiguu hulala bapa, na protini ya damu huvuja. Podosaiti zikifa, mwili hauwezi kuzirudisha kwa urahisi.

Wakati huo wote mwenyewe hasikii maumivu. Anapiga kazi kama kawaida. Uso na miguu ikianza kuvimba, mara nyingi madhara yamekwisha kuwa makubwa.

Ndugu, dalili ya mapema huonekana katika mkojo. Kijiti cha kupimia huonyesha protini, na maabara huweza kugundua hata kiasi kidogo. Homa au kazi nzito huweza kuleta protini kwa muda, kwa hiyo kipimo kirudiwe. Zipo dawa za presha zinazopunguza msukumo ndani ya chujio, zikianzwa mapema.

Mwaka 2023 Hospitali ya King Faisal hapa Kigali ilianza kupandikiza figo. Ni hatua kubwa, lakini figo hiyo lazima itoke kwa binadamu mwenzetu. Kulinda tuliyo nayo ni nafuu zaidi.

Basi tunapokaa na waajiri kuzungumzia afya kazini, tudai kipimo cha mkojo na cha presha kila mwaka, tukianza na wenzetu wenye kisukari. Tusingoje mwili upige kelele.